Twiga Aliyekosewa Shingo

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na usimwambie mama yenu. Ilikuwa miaka ya tisini, mtaa wa Jericho, Nairobi. Mchana nilikuwa karani wa stoo kiwandani. Jioni nasomea sheria mjini. Nilikuwa nimesoma majuma sita tu, lakini nilivaa tai hata nikienda kununua sukuma wiki, na mtaa mzima uliniita Wakili. Hata mbuzi walinipisha njia.

Basi akaja Mama Nekesa, jirani yetu, mshonaji wa sare za shule. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amemshtaki, akidai kibanda cha mama pale sokoni ni mali yake. Kibanda hicho ndicho kilichowalisha watoto wanne. Mkononi alikuwa na samansi ya korti.

“Wakili, hebu nisomee. Nimeitwa lini?”

Niliitazama kama daktari anayetazama picha ya eksirei. Nikatafuta tarehe ya kesi, sikuiona.

“Mama, hapa hakuna tarehe. Wakikutaka watakuita. Wewe rudi ukashone.”

Akaniletea kuku wa shukrani. Nikamla, mwanangu, mpaka mifupa ikaniogopa.

Kumbe samansi ya namna ile haikupi siku ya kusimama mbele ya hakimu. Inakupa siku chache za kupeleka majibu yako kwa maandishi. Ukinyamaza, mwenzako anapewa hukumu wewe uko kwenye cherehani. Na ndivyo ilivyokuwa. Mama Nekesa akabandikiwa karatasi mlangoni: kibanda akiache kabla ya mwezi kwisha.

Nilijificha siku mbili. Aliyeninasa ni Mzee Mutua, mchongaji wa vinyago, jirani wa mama pale sokoni. Alikuwa anachonga twiga, wala hakuinua macho.

“Wakili.”

“Naam, mzee.”

“Mimi nikikosea shingo ya twiga, namchonga awe swara, namuuza, maisha yanaendelea. Wewe umekosea karatasi ya Mama Nekesa. Sasa utamchonga awe nani?”

Nikaivua tai, nikaitia mfukoni.

“Kuuliza si ujinga,” akasema. “Nenda kaulize.”

Jioni ile nilinyoosha mkono darasani, nikamweleza mwalimu yote, na kuku nikamtaja. Wenzangu walicheka hadi madirisha yakatikisika. Mwalimu hakucheka. Alisema hukumu iliyotolewa bila upande mmoja kusikizwa yaweza kutenguliwa, mradi mama aombe upesi na aeleze kwa nini alinyamaza.

Sababu ya kunyamaza, mwanangu, ilikuwa mimi. Ilibidi nile kiapo kwa maandishi, jina langu lote, kwamba mimi ndiye niliyemwambia atulie, na kwamba sheria niliyoijua ingeenea kwenye kisanduku cha kiberiti.

Mama alisimama kortini mwenyewe, nusu ya Jericho nyuma yake. Hakimu akaisoma hati yangu, akanitazama juu ya miwani.

“Wewe ndiye Wakili?”

“Mheshimiwa, mimi ni karani wa stoo.”

Korti ikaangua kicheko. Lakini hukumu ikatenguliwa! Kesi ikaanza upya, majirani wakatoa ushahidi, mama akabaki na kibanda chake. Siku hiyo tulikula nyama choma kwenye soko la Burma mpaka ng'ombe wa Nairobi wakahamia mashambani.

Miaka ilipita, nikahitimu, nikaapishwa. Joho langu alilishona Mama Nekesa. Mabega ya joho hilo yalikaa kama sare ya darasa la tatu, na sijavaa lililonipendeza zaidi.

Sasa waniuliza: mawakili wamejaa mjini, shule ya sheria ya nini? Mwanangu, kazi zipo, wala si zote za joho. Kuna benki, kuna vyama vya wafanyakazi, kuna uhakimu, kuna kupatanisha wanaogombania mashamba. Ila shule haikupi mdomo, huo ulizaliwa nao. Inakufundisha kuisoma karatasi hadi mstari wa chini, na kusema “sijui, ngoja niulize” bila kuona haya. Na ukikosea, kiri mapema, siku zisije zikaisha.

Yule mnyama mezani pangu ni zawadi ya Mzee Mutua. Mtazame vizuri: ni swara, lakini alianza akiwa twiga. Nenda, Mungu akujalie macho ya subira na ulimi wa kweli, na siku utakayoapishwa, mtaa mzima ujae nyuma yako.