Sahani ya Mchana wa Ramadhani

Nyinyi vijana wa nyumba hii, na wengine mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri. Shule sikuikalia sana, niliolewa mapema, ndiyo maana mwaniita nyanya na nywele zangu bado nyeusi. Lakini nilichokiona nilikiona.

Kaimati zikianza kukaangwa alasiri, harufu ya iliki ikapanda ngazi za nyumba zetu za Mji wa Kale, wenzangu humeza mate. Mimi humkumbuka kaka yangu Athmani, akiiba moja ya moto karibu na magharibi, airukishe mkononi kama kaa la jikoni.

Miaka ile ya tisini maji ya mfereji yalikuwa yakipotea, na watoto tulitumwa kisimani. Athmani alibeba mitungi akiimba. Ila akibeba naye amefunga, jioni mapaja hukakamaa kama kuni, ngazi zikamshinda, na mkojo ukatoka mweusi kama maji ya ukwaju. Nyanya yetu alisema ni uvivu ulioshikwa mkono na jini.

Ndipo akaja Daktari Rukia. Alikuwa mtafiti, kazi yake ilikuwa kuchunguza maradhi ya misuli yanayorithiwa, na vile mwili unavyotumia mafuta. Alimkuta Athmani hospitalini, tulikompeleka alipozidiwa, akamfuata mpaka kwetu. Akatutoa damu sote, na mkojo wa Athmani akautaka kwenye chupa.

"Msomi mzima wafuata mikojo ya watu?" nyanya akamuuliza.

"Mikojo yasema kweli kuliko wenyewe, bibi."

Nyanya akacheka bila kutaka. Daktari akauliza kama baba na mama wana udugu. Hapo tukacheka sote. Mtaani kwetu nani hakuoa binamu?

Majibu yalipotoka alirudi, akaishika taa yetu ya chemni. "Taa hii ina mafuta tele. Utambi usipoyavuta, itawaka? Mtu akikaa na njaa, mwili huchoma mafuta yake. Wa Athmani hauwezi. Ukikosa chakula, unaila misuli yake. Mtoto huyu asifunge, wala asibebeshwe kitu na njaa." Shehe wa mtaa naye akasema mgonjwa ana ruhusa, msimsumbue.

Mama alitii, lakini kwa kificho. Kila adhuhuri alimtia Athmani stoo, nyuma ya gunia la mchele, sahani imefunikwa kwa kawa. Mimi nikawekwa mlangoni nichunge wageni. Nilimsikia akila polepole, kijiko kisilie.

Watoto wa mtaa walijua tu. "Kobe! Kobe huyooo, yuala mchana!" Ndivyo aitwavyo asiyefunga. Athmani akipita, macho chini.

"Naona kama naiba chakula cha kwetu," aliniambia siku moja. Nikamhimiza amalize upesi, wageni wasije. Nilikuwa mtoto.

Kumbe siku za mwisho wa mwezi alikuwa akiwamwagia paka wali kwa dirisha la stoo. Alifunga, na maji akabeba, wenzake wamwone. Alianguka kisimani alasiri. Hospitali walipigana sana, figo zikakataa. Idi ilitukuta matangani.

Daktari Rukia alikuja, akaketi jamvini na wanawake. Kisha akamwambia mama, "Nilipima damu. Aibu sikuipima." Hakumlaumu mama, alijilaumu yeye.

Kwa miaka nilidhani kaka aliuawa na mafuta yasiyowaka. Nimekuja kufahamu nikiwa na watoto wangu: dawa tulipewa, nayo ilikuwa sahani ya wali tu, sisi tukaipeleka gizani. Ningempata leo, ningemkalisha mbele yangu ale kwa kelele, mdomo umejaa, aniudhi.

Binti yangu Hadija naye ameolewa na binamu yake. Mwanawe Salim alipoanza kulalamika mapaja, sikungoja jini. Nilimpeleka akapimwa, na kipimo chenyewe kimetokana na kazi ya watu kama Daktari Rukia. Anayo yale yale. Ramadhani hii ilipokaribia nikamkuta Hadija akifagia stoo, ameshaweka na kigoda.

Nikaita nyumba nzima.

"Toa kigoda hicho. Tandika jamvi ukumbini, mlango wa mbele uwe wazi, Salim ale mchana kweupe. Na atakayemwita kobe, mleteni kwangu."