Mtu wa Karabai na Chumba cha Kona

Ukitaka kumchokoza Simeon wa Mbita, mwambie kuna taa inayowaka zaidi ya yake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtu wa karabai kule kisiwani Remba, yule anayewasha taa majini ili omena, wale dagaa wa ziwani, wajikusanye chini yake. Kazi hiyo ilimfundisha jambo moja tu: taa ikiwa kali, nyavu zinajaa. Hata mgongo ulipomtoa majini akawa fundi wa stima za nyumba, hakujua kipimo kingine. Wateja wake wanapika wakiwa wamekunja uso kwa ukali wa mwanga.

Kwa hiyo binti yake Phanice alipomwomba amwekee taa chumba cha kona, awe anafanyia kazi humo, mzee alifurahi kupita kiasi. Kampuni moja ya Nairobi ilitaka kumhoji kwa video, Alhamisi saa moja jioni. Akiipata kazi, angeifanya akiwa nyumbani. Akiikosa, angerudi Nairobi kutafuta nyingine. Simeon hakumwambia mtu, lakini tangu mkewe afariki nyumba ile ilikuwa imempwaya, na alitamani sana mtoto akae.

Basi akanunua taa ya uwanjani, wati mia mbili, akaifunga kwa ndani, juu ya dirisha linalotazama ziwa. Kweli, mazoea yana taabu.

Saa moja kasorobo Alhamisi hiyo, Phanice akaiwasha na kujitazama kwenye kompyuta. Uso ulikuwa mweupe pe, hauna pua wala macho. Na huko nje sam walikuwa wameinuka ziwani, wale wadudu wadogo wasiouma lakini wasiohesabika. Wakaingia kwa kila upenyo, wakatua kwenye skrini, kwenye chai, kwenye nywele alizosukwa jana yake.

"Baba, hii taa yako inawaita!" akalia. "Hao watu wataniona aje?"

Simeon aliona aibu. Miaka yote hiyo akivuta viumbe kwa taa, leo amewavuta hadi ofisini kwa mwanawe! Halafu akili ikamrudia. Kama taa inawaita, basi iwaitie kwingine.

"Ngoja, nyathina, mwanangu. Mimi nawatoa."

Akaleta taa ndogo ya mezani, akaielekeza kwenye ukuta mweupe nyuma ya kompyuta, mwanga ukamrudia Phanice usoni taratibu. Ile kubwa akaifungua, akaichomeka kwenye ekstensheni na kutoka nayo mbio. Waya uliisha kabla hajaifikia nguzo ya kamba ya nguo, kwa hiyo akasimama hapo hapo na kuiinua kwa mikono. Sam wakamfuata wote.

Alisimama dakika arobaini, midomo ameifumba, maana ukiifungua unawala. Walimjaa masikioni na ndevuni. Kupitia dirishani alimwona binti yake akizungumza, akitikisa kichwa, mara akacheka. Alikuwa mzuri, mamake mtupu. Machozi yakamtoka mzee na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Mwishowe Phanice akatoka.

"Baba! Uko wapi? Hata sikuoni!"

Simeon akasogeza taa kando, akamwinulia nyusi tu kumuuliza.

"Wamenichukua. Naanza Jumatatu, hapa hapa nyumbani."

Simeon akafungua kinywa kucheka, sam wakaingia, naye akaendelea kucheka vivyo hivyo.