Chifu na Mlinzi Wake

Hoteli yetu hapa Lusail, Uarabuni, ina samaki anayekaa kwenye maji baridi mwaka mzima. Nje joto likipanda hadi nyuzi arobaini na sita, na kiyoyozi cha chumba chetu cha wafanyakazi kule mtaani Abu Hamour kikiamua kufa, huwa namwonea wivu wazi wazi. Walimtoa bahari za mbali zenye miamba na mwani mrefu kama mahindi ya Kitale. Kazi yake ni kulala chini. Hata kuogelea anaona ni usumbufu. Sisi Wakenya tukampa jina Chifu.

Mimi Loice nasafisha kioo cha tangi lake. Laban analilinda. Ndiyo, mwanaume mzima ametoka Kapsabet kuja kulinda samaki, tena akiwa wima kwa saa kumi na mbili mfululizo, maana mgeni akimwona mlinzi ameketi anaweza kuzimia. Miaka minne Laban hajakanyaga nyumbani. Alimwacha bintiye Jeptoo akiwa na miezi miwili. Sasa fomu yake ya likizo ilikuwa mezani kwa meneja wetu, Bwana Bradley, ikingoja sahihi, na Laban alishanunua viatu vyekundu vya mtoto huyo, bila hata kujua mguu wake sasa una ukubwa gani.

Asubuhi moja nikaona kitu cha zambarau kimeng'ang'ania jiwe, Chifu amekilalia. Uchafu. Nikachukua brashi yangu ya mpini mrefu. Laban akanishika mkono.

"Wacha, Loice! Ni mayai. Fundi wa mashine ya baridi ameniambia."

"Na mama yao?"

"Yule jike mwenzake ametaga akaenda zake kule nyuma ya mwamba. Baba ndiye anayelinda. Hata kula ameacha."

"Haki ya Mungu! Wanaume wa hivyo wanauzwa wapi?"

Bwana Bradley akatokea, na marashi yake yakiwa yametangulia. "Alhamisi wenye hoteli wanakuja. Ondoeni hiyo takataka, na huyo samaki mchokoeni mpaka aogelee. Wageni wanasema tumeweka maiti."

"Samahani, bosi," Laban akasema. "Ni mayai yake."

"Unataka likizo au hutaki?"

Nikaikodolea macho ndoo yangu. Moyoni nilikuwa napiga kelele: kwangua, mjinga wewe, uende ukamwone mtoto! Laban aliishika ile brashi kwa muda, akairudisha kwenye ndoo.

"Siwezi, bosi."

Siku mbili sikumsemesha, ingawa nami brashi sikuigusa, na bosi hakurudi kukagua. Nilikuwa na hasira naye kama vile viatu ni vya mwanangu.

Alhamisi wenye hoteli wakaja. Mama mmoja akainama kwenye kioo, akauliza kile ni nini. Bwana Bradley akalitazama tangi kwa makini, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Ni mayai, madam. Tumeyatunza kwa uangalifu mkubwa."

Tumeyatunza! Wakampigia makofi, wakapiga picha naye. Chifu hakusogea hata kidogo.

Kesho yake Laban akaitwa ofisini. Nikamwambia Mungu, angalau mara moja, tafadhali. Laban alirudi na cheti cha pongezi, chenye picha ya samaki wa aina nyingine kabisa. Fomu ya likizo ilikuwa imesukumwa hadi mwakani. Mlinzi anayejua mayai, meneja alisema, hapatikani ovyo.

Mchana, saa ya mapumziko, alimpigia mkewe Rael kwa video. Jeptoo akaomba aonyeshwe samaki. Laban akaiweka simu karibu na kioo, akamweleza mtoto yote, mayai yale na baba asiyebanduka, kwa sauti ya uchangamfu ambayo kazini sijawahi kuisikia.

 Kisha nikamsikia Jeptoo akimwambia mama yake.

"Mama, kumbe baba ya samaki hukaa nyumbani."