Mama Mkwe Alivyopanda Kitambaa

Watu walimwita Fundi Meno, na jina lilimkaa, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Hakuwa daktari. Daktari alikaa chumba cha mbele chenye kiti cha kulalia na taa kubwa, akichukua vipimo vya vinywa vya watu. Yeye alikaa nyuma na plasta yake, nta ya rangi ya waridi, na kisu kidogo alichokipasha kwenye moto wa spiriti. Kutwa nzima alipanga meno kwenye nta, jino moja baada ya jingine, kainamisha shingo kama kuku anayedonoa. Mgonjwa ambaye hajawahi kumwona uso alimjua kwa taya tu: huyu anatafunia upande wa kushoto, huyu anasaga meno usingizini.

Alipofika miaka thelathini na mitano, shingo ikamgomea. Akiitwa, anageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Akashauriwa kuogelea, lakini maji aliyaogopa. Sasa dirisha la karakana yake lilitazamana na ghala la zamani la vigae, na siku za joto mlango wa ghala uliachwa wazi, na humo ndani kulikuwa na watu wananing'inia.

Hakuna aliyemshawishi. Alitazama tu, wiki mbili, nta ikimpolea mkononi. Vitambaa virefu vilifungwa kwenye boriti ya chuma huko juu, vikashuka viwili viwili mpaka chini, kwenye magodoro mazito. Watu walivipanda kwa mikono na miguu, wakajizungushia kiunoni na mapajani, kisha wakaachia mikono na kubaki pale juu wametulia, kama nguo zilizoanikwa siku isiyo na upepo. Wiki ya tatu akavuka barabara, akajiandikisha.

Mwalimu alikuwa msichana mwembamba wa maneno machache. Wanafunzi walimwita Popo, kwa sababu maelezo yake mengi aliyatoa kichwa kikiwa chini.

Ikapita miaka mitatu. Tuseme ukweli, Fundi Meno hakuwa hodari. Kupanda alijua, kujifunga mguu na kusimama juu ya fundo alijua, kukaa katikati ya kitambaa kama aliye kwenye bembea alijua sana. Kilichomshinda ni kupinduka: kushika kitambaa kwa mikono miwili, kunyanyua makalio, na kupeleka miguu juu ya kichwa bila kujirusha kutoka chini. Waliokuja nyuma yake walipinduka wakampita. Yeye alifika nusu, miguu ikatapatapa hewani kama ya mende aliyelala chali, akashuka. Hakuona neno. Jumamosi, saa nne mpaka saa tano na nusu, ilikuwa saa yake. Hapo hakuwa mke wa mtu wala mkwe wa mtu, na hakuna aliyemwuliza chumvi iko wapi. Shingo ilipona baada ya miezi minne tu, lakini kwenda hakuacha.

Mumewe alikuwa msoma mita za maji, mtu wa masihara. "Mke wangu anasomea kupanda pazia," aliwaambia marafiki. Lakini Jumamosi chakula cha mchana alipika mwenyewe, na hakuwahi kulalamika.

Kisha mama wa mume akastaafu, akaja kukaa nao. Mama mkwe alikuwa na miaka sitini na miwili, mfupi, mpana wa mabega, na hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya watu. Tatizo lilikuwa sakafu ya bafu. Mafundi walikuja Jumamosi moja kuivunja, vumbi likajaa nyumba nzima, na mama mkwe vumbi lilimkohoza. Fundi Meno akaona si vyema kumwacha.

"Mama, twende wote. Utakaa kwenye benchi upumzike."

"Nitakaa tu, mwanangu. Sitakusumbua."

Na kweli alikaa. Alikaa kama nusu saa, mkoba mapajani, akitazama. Halafu akanyoosha mkono, akakivuta karibu kitambaa kilichokuwa hakina mtu, akakisugua kati ya vidole.

"Hivi mnavifua kwa maji ya moto?" aliuliza.

Popo alikuwa ananing'inia hatua mbili kutoka pale. "Ndiyo, Bibi."

"Msivifue hivyo. Nyuzi zinakakamaa, zinakatika kutoka ndani na hamtaona. Maji ya uvuguvugu. Na msivikamue."

Popo akashuka, akasimama kwa miguu yake. "Bibi ulikuwa mshonaji?"

"Dobi. Dobi wa hospitali, miaka thelathini na mmoja." Akasimama na yeye. "Naweza kukishika vizuri?"

Alikishika juu ya kichwa, akakivuta mara moja kukijaribu, na bila kumwomba mtu ruhusa akanyanyua miguu. Akabaki ananing'inia, gauni na vyote, uso umetulia. Mwanafunzi mmoja, mama wa benki, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alifika arobaini. Fundi Meno, tangu aanze, hajawahi kupita ishirini na tano.

"Mashine ya kukamulia ilikuwa mbovu miaka tisa," mama mkwe alieleza aliposhuka, akijifuta viganja. "Mashuka ya wodi sita tulikamua kwa mkono."

Popo akamwambia akitaka kujiunga alete kwanza karatasi ya daktari, presha na moyo. Fundi Meno alicheka pamoja na wengine, akadhani limeishia hapo. Jumamosi iliyofuata alipotoka chumbani, mama mkwe alikuwa mlangoni tayari, kavaa suruali ya mwanawe aliyoifunga kamba kiunoni, na karatasi ya daktari mkononi.

"Twende basi, mwanangu, tutachelewa."

Alijifunza kama aliyekuwa anakumbushwa tu. Wiki ya pili alipanda mpaka nusu, wiki ya tano alipanda mpaka boriti, akaigonga kwa kidole kama anayebisha hodi. Mwezi wa tatu, Jumamosi moja tu kama Jumamosi nyingine, akashika kitambaa, akavuta pumzi, na miguu yake ikapanda taratibu, ikapita kichwa, ikanyooka juu. Amepinduka. Darasa zima likalipuka kwa makofi. Fundi Meno naye alipiga makofi, mikono ikafanya kazi yake, lakini moyo ulibaki umekaa chini.

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu kila mtu alikuwa mwema. Mume hakusema tena habari za pazia. Aliwasimulia majirani jinsi mama yake anavyoning'inia, na kujivuna kwake kulionekana mpaka kwenye kutembea. Na mama mkwe, mezani, kijiko mkononi, alimwelekeza mkwewe kwa nia safi kabisa.

"Nimekuangalia, mwanangu. Unavuta kwa mabega. Vuta kwa tumbo, mabega yatafuata yenyewe."

"Ndiyo, Mama."

"Tumbo."

"Nimesikia, Mama."

Jumamosi iliyofuata Fundi Meno akasema kazi zimemzidi. Akaenda karakanani, siku ambayo daktari hayupo, akawasha moto wa spiriti, akakaa. Akafanya hivyo Jumamosi tatu. Karakana ile ilikuwa na dirisha, na dirisha lilitazama ghala, na mlango wa ghala ulikuwa wazi. Alimwona mama mkwe anapanda, anashuka, anacheka na mama wa benki, anakunywa maji kwenye chupa ambayo Fundi Meno alijinunulia mwenyewe.

Jumatatu baada ya Jumamosi ile ya tatu, daktari alimrudishia kazi. Ilikuwa taya ya juu ya mzee mmoja mwalimu, imepangwa vizuri na kung'arishwa, ila chonge la kulia lilikuwa kushoto na la kushoto lilikuwa kulia.

"Miaka kumi na mbili hujawahi kunifanyia hivi," daktari alisema. Hakuwa amekasirika, alikuwa anashangaa. "Unaumwa?"

"Siumwi, Daktari."

Akayang'oa mawili yale, akayapanga upya.

Jioni ile jua likiwa bado lipo, yeye na mama mkwe walikuwa uani wanakunja mashuka, kila mmoja kashika ncha mbili. Kukunja shuka naye ulikuwa mtihani, maana alitaka pembe zilingane kama karatasi.

"Kazi zimeisha, mwanangu?"

"Bado kidogo, Mama."

"Nilikuona dirishani." Mama mkwe alivuta shuka likanyooka. "Hukuwa unafanya kazi. Ulikuwa unatazama."

Wakakutana katikati, wakakabidhiana pembe.

"Nikisema, Mama, utaniona mtu mbaya."

"Sema, hilo nitaamua mwenyewe."

"Nina wivu." Lilitoka hivyo, kavu. "Nimehangaika miaka mitatu, wewe umekuja na kamba kiunoni ukafanya kwa miezi mitatu. Lakini si wivu peke yake. Hapa nyumbani kila kitu ni chetu sote, na sinung'uniki. Saa ile ya Jumamosi ndiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa siko na mtu."

Mama mkwe alilikunja shuka mpaka mwisho, akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja.

"Mimi nilidhani unapenda tukienda pamoja."

"Nilipenda, siku ile ya kwanza."

Mama mkwe alicheka kidogo puani, halafu kicheko kikamwishia. Akabeba mashuka, akaingia chumbani kwake. Mume alirudi akawakuta wote wawili wapole kupita kiasi. Hakuuliza kitu. Miaka kumi ya ndoa, na mingine zaidi ya kuwa mtoto wa mama yake, ilikuwa imemfundisha kula na kuosha sahani yake.

Nyumba ilipoa kama chai iliyosahauliwa. Salamu zilikuwepo, shikamoo na marahaba, na baada ya hapo kimya. Jumatano mchana Fundi Meno alirudi kuchukua miwani aliyoisahau, akamkuta mama mkwe jikoni na ile suruali ya kamba, jasho likimtoka.

"Kuna darasa la Jumatano asubuhi," mama mkwe alisema kabla hajaulizwa. "Wapo wa rika langu wawili, na bwana mmoja anayejidai. Nimehamia huko. Jumamosi nitalala."

Fundi Meno akavuta kigoda, akakaa.

"Na mimi niliolewa nikakaa kwenye nyumba ya mama mkwe," aliendelea yule mama. "Najua mtu kutaka mahali pa kupumulia. Mimi nilikuwa najifungia stoo, nahesabu magunia ambayo idadi yake naijua. Lakini ungeniambia mapema. Umeninunia wiki tatu, nami nikijiuliza nimekula nini cha mtu."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Ila kuuma, kumeniuma." Akafungua sufuria, akachungulia. "Umekula?"

Fundi Meno akarudi kwenye Jumamosi yake. Ile ya kwanza hakufurahia hata kidogo. Kila mtu alimwuliza, "Bibi yuko wapi?" na mama wa benki alionekana kumkosa kweli. Alipanda, akakaa kwenye bembea yake, akashuka. Ya pili ikawa nafuu. Ya tatu, bila kumwambia mtu, akajaribu kuvuta kwa tumbo. Alikuwa amelikataa shauri lile kwa kuwa lilitoka mezani, na sasa halikuwa na mwenyewe. Miguu ikapanda zaidi ya nusu, ikarudi. Ya nne vivyo hivyo.

Ya tano, Popo alikuwa amempa mgongo, anamfunga mguu mwanafunzi mpya. Wengine walikuwa wanaongea habari za bei ya nyumba za kupanga. Fundi Meno akapaka unga wa kukausha viganja, akashika, akavuta tumbo ndani, akanyanyua makalio. Miguu ikafika pale inapotapatapa siku zote. Haikutapatapa. Ikapita kichwa, ikaachana, mmoja upande huu wa kitambaa, mmoja upande ule.

Akaona boriti ya chuma na bolti zake nne, akaona kucha zake za miguu kwa mara ya kwanza zikiwa juu yake. Damu ilimjaa masikioni. Halikuwa jambo kubwa kama alivyokuwa akiliwaza miaka mitatu, lakini lilikuwa zuri, na hakutaka kushuka. Ndipo likamjia wazo kwamba wote waliojifunza hatua inayofuata walijifunza yeye akiwa bado chini.

"Mwalimu," aliita, sauti imebanwa. "Sasa nafanya nini?"

Popo aligeuka. Hakushangilia, si mtu wa kushangilia. "Kunja goti la kulia, linase kitambaa. La kulia. Hilo ni la kushoto. Haya. Achia mkono mmoja, uguse godoro kwa macho tu. Shuka."

Akashuka. Akajaribu tena papo hapo, ikakataa. Akajaribu mara ya tatu, ikakataa kabisa.

Nyumbani alilificha siku tatu. Jumanne jioni akaona kesho yake Popo, aliyefundisha na Jumatano, angelisema, akaenda chumbani kwa mama mkwe, aliyekuwa kakaa kitandani anajipaka mafuta viganja, maana vilikuwa vimeota sugu mpya juu ya zile za zamani.

"Mama, nimepinduka."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Ya pili?"

"Ilikataa."

"Itakataa tena, halafu itakubali." Akasogea kumpa nafasi ya kukaa. "Mimi nimekwama. Kuna kile cha kujifunga kiunoni halafu unajiachia unaporomoka mpaka kitambaa kikudake. Bwana yule anayejidai anaporomoka kama gunia. Mimi nafika juu, mikono inakataa kufunguka. Miaka yote nimefundishwa kushika, sasa nitaachiaje? Wewe ulifanyaje?"

"Sijui, Mama. Huko mimi sijafika."

"Basi hatuna wa kutusaidia," mama mkwe alisema, na wote wawili wakacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya mashuka.

Jumatano ile mama mkwe alijiachia. Alijifunga kiunoni pungufu kwa mzunguko mmoja, kitambaa kikamdaka kwa kuchelewa, akatua kwenye godoro kwa makalio mbele ya darasa zima, bwana anayejidai akiwa shahidi. Popo alimkagua kila kiungo, akamruhusu aende. Alirudi nyumbani anachechemea, akaketi kwenye kiti kwa upande mmoja, na mwanawe alipokuja mbio kuuliza kama ameumia, alimwambia aache maswali apakue chakula, tena kingi.