Mgomba wa Kaburini

Nafundisha baiolojia Bukoba mjini, na hasira zangu ziko karibu. Nilipofika kijijini Izimbya nikamkuta Mama akipogoa migomba kwa panga lile lile, kutoka shina hadi shina kama alivyozoea, damu ilinichemka. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeshaingia kibanjani, shamba letu la migomba. Mgomba mmoja majani yalikuwa yamelegea, ya njano, na mkungu wake unaiva kabla ya wakati. Ulikuwa wa shina alilolipanda marehemu baba, na tulimzika kando yake.

Nilimshika Mama mkono. Nikamwambia panga linahamisha ugonjwa, lipitishwe motoni, na mgomba ule ukatwe leo hii. Tukichelewa kibanja chote kitakwisha, naye hana chakula kingine zaidi ya hicho.

Alikataa. Alisema shina la kaburini likiguswa, majirani watanong'ona kwamba nyumba imezimika. Angeusubiri upone.

Hapo nikaanza kufundisha, maana niliogopa, na nikiogopa naongea sana. Nilimweleza kwamba mmea umejengwa kwa seli, na ndani ya kila seli mna mitokondria, majiko madogo yanayoipikia nguvu. Adui akiingia, mara nyingine majiko hayo hujipasua kuta na kumwaga vilivyomo, seli ikafa kwa kujitakia ili ugonjwa usivuke kwa jirani. Doa dogo kavu hubaki kwenye jani, mmea ukaishi. Mgomba wetu haukuwahi, kwa hiyo kazi hiyo imebaki kwetu.

"Yaani jiko ndilo linaloiua nyumba yake?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Ili nyingine zibaki."

Nyuki walikuwa wanatoka kwenye ua la mgomba ule kwenda kwa mwingine, wakiubeba ugonjwa, nami nilimchukia kila mmoja wao. Nilikaribia kumnyang'anya panga, mama yangu mzazi. Majirani wenyewe, nilijisemea, si ndio watakaokuja kuomba ndizi?

Mama akageuka, akaenda jikoni. Nilijua nimemuudhi, nikabaki nimesimama kaburini nikitafuta maneno ya kuomba radhi. Aliporudi panga lilikuwa limebadilika rangi kwa moto, mpini ameufunga kitambaa. Akanikabidhi.

"Kata wewe, mwana wange," alisema. "Mimi nilishamzika mara moja."