Mate ya Pacha

Wateja walishindwa kuwatofautisha, basi wakawapa majina ya vifaa vyao. Aliyekata vitambaa wakamwita Mkasi, aliyeshona wakamwita Sindano. Walikuwa mapacha wa kufanana, sura moja, sauti moja, hata kikohozi kimoja. Chumba chao cha ushonaji kilikuwa na meza ndefu ya kukatia upande wa dirisha na cherehani karibu na mlango. Mteja akikosea na kumpelekea Sindano lawama za mkato mbaya, Sindano alizipokea zote, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akazipitisha mezani: "Zako hizi, mwenzangu."

Habari hii ni ya Mkasi. Alikuwa mjane mwenye mdomo mwepesi na mkono mtulivu, na binti mmoja aliyekuwa akisomea ualimu. Alijua kubana kitambaa mpaka mteja anarudishiwa kipande na kushangaa gauni limetokea wapi. Ukimuuliza siri yake, alikwambia ni uchoyo tu.

Mama yao aliondoka kwa ugonjwa mbaya. Ulimwanza mikononi. Vikombe vilimponyoka, na yeye, kwa kuwa hakutaka kuonewa huruma, alisema, "Sakafu imeomba." Aliyekuwa karibu alitakiwa ajibu, "Ipe!" na wote wacheke. Baadaye mwili mzima ukawa unarukaruka, kisha akili nayo ikaondoka, na mwisho akawa hawajui tena hata hao wanawe wawili wa sura moja. Ule utani ukabaki nyumbani. Kikianguka chochote, kijiko au kibiriti, mmoja alisema na mwingine akajibu.

Kabla mama hajafa, daktari aliwaita mapacha pembeni. Aliwaambia ugonjwa ule hurithiwa, na kipimo kipo.

"Lakini hatumpimi mtu hivi hivi," akasema. "Kwanza mtakaa na mshauri, mfikiri vizuri. Na nyinyi ni mapacha wa kufanana. Akipimwa mmoja, mmepimwa wote wawili."

"Dawa ipo?" Mkasi akauliza.

"Ya kuponya, hapana."

"Basi mimi sitaki, daktari. Nikishajua, kila nikimtazama binti yangu nitamwona mgonjwa. Niache nimwone binti yangu."

Sindano alimshika mkono dada yake, akasema naye hataki. Wakapatana hapo hapo, kando ya kitanda cha mama. Waliishi na ahadi hiyo miaka mingi, na waliishi vizuri. Si kwamba Mkasi hakuogopa. Hofu ilimjia mara moja moja, akaipa kitambaa ikate, ikachoka, ikaenda zake.

Kisha kampuni moja ikaja kupiga hema mtaani, na maputo, na spika za kumtoa mtu masikio. Vijana walivaa makoti meupe ya kidaktari, ingawa nadhani hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumpima mtu homa. "Jua mwili wako! Tema mate kwenye kichupa, upate lishe inayokufaa wewe na wewe tu!" Sindano alikuwa akisumbuliwa na unene. Magauni aliyojishonea yalikuwa yameanza kumkaba, na Mkasi hakumwachia nafasi ya kupumua kwa utani. Basi akaenda, akatema. Wakampa simu yake abonyeze "Nakubali" chini ya maneno mengi madogo madogo, yale ambayo hakuna mtu duniani anayeyasoma, na walioyaandika wanajua hivyo. Kama zawadi ya ufunguzi, kampuni iliwaongezea wateja wake kipimo cha magonjwa ya kurithi, bure. Hakuna aliyemuuliza mama yake alikufa kwa ugonjwa gani. Hakuna aliyemuuliza kama ana pacha.

Majibu yalikuja kwenye simu ya Sindano mchana, Mkasi akiwa mezani anakata suruali. Juu aliambiwa apunguze wanga na anunue unga wa lishe, ambao kwa bahati njema kampuni yenyewe inauuza. Chini, kwa rangi nyekundu, palikuwa na jina la ugonjwa wa mama. Sindano aliizima simu, akasema macho yanamuuma, akaendelea kushona pindo.

Alijitahidi kuficha, maskini. Lakini utamficha nini mtu mwenye uso wako? Alianza kumpokea dada yake vitu vizito. Alianza kusema, "Pumzika, nikukatie mimi," yeye ambaye hajui kukata hata mkate ukanyooka. Siku moja mkasi ulimponyoka Mkasi, ukaanguka kwa kishindo.

"Sakafu imeomba," akasema.

Sindano alifungua mdomo ajibu, akaangua kilio.

Mkasi alisimama pale pale. "Umepima," akasema.

"Sikujua! Wallahi sikujua, nilitaka kupungua tu. Walisema ni lishe!"

Mkasi alivuta kigoda akakaa. Mikono aliibana katikati ya magoti kama anayesikia baridi.

"Ulitema yako, dada," akasema, "ukatema na yangu."

Walikwenda ofisini kwa kampuni. Kijana aliyewapokea alikuwa na adabu zake na viti laini. Alieleza kwamba mteja wao ni Sindano, na Sindano alikubali masharti. "Wewe, mama, kwa kweli humo kwenye mkataba."

"Kwenye mkataba simo, mwanangu," Mkasi akamwambia. "Kwenye mate nimo."

Kijana akasema kampuni inaungana naye katika kipindi hiki kigumu, na kama angependa, wangempima naye kwa nusu bei. Sindano ndiye aliyemshika dada yake mkono wakatoka, la sivyo kungeharibika kitu. Wakili waliyemwendea aliwasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema sheria haijafika huko bado. Yeye angalau alikuwa mkweli.

Wakarudi kwa daktari wa mama, sasa mwenye mvi. Alikasirika kuliko wao. "Vipimo vya namna hii hukosea," akasema. "Huenda si kweli kabisa. Lakini siwezi kuwaambia mpaka tupime upya, kwa utaratibu."

Mkasi akacheka, kicheko kibaya. Yaani ili aondokane na jambo ambalo hakutaka kulijua, inabidi akubali kulijua. Aliomba apewe muda wa kufikiri. Mpaka leo anafikiri.

Mkasi alimsamehe dada yake. Alimnunia kwanza, akala kivyake, akakata vitambaa bila kusema neno, mpaka wateja wakadhani cherehani ndiyo imeharibika. Kisha akamsamehe, kwa sababu Sindano alikuwa amekonda kwa huzuni kuliko ambavyo lishe yoyote ingemkondesha. Wakarudi kila mtu mahali pake, dirishani na mlangoni, na kazi ikaendelea.

Binti alikuja likizo. Hawakumwambia kitu. Alikaa kwenye benchi kati yao akishona vifungo na kuwaigiza walimu wake mmoja mmoja, na chumba kikajaa vicheko kama zamani. Mkasi alicheka mpaka akajifuta machozi. Alikuwa amemwona binti yake, yule yule.

Binti akanyoosha mkono kuchukua kikopo cha pini. Kikamponyoka, pini zikatawanyika chumba kizima.

"Sakafu imeomba!" akasema kwa furaha, akainama kuokota.

Cherehani ikasimama. Sindano aliinamisha uso kwenye kitambaa.

"Mama? Si useme ipe!"

Mkasi hakumsikia. Alikuwa ameegemea meza, anautazama mkono wa mwanawe unavyookota pini, moja baada ya moja, aone kama unatetemeka.