Matofali ya Zachariah

"Zachariah anajenga."

Wangeci aliyasema hayo bombani, ndoo yake ikiwa bado nusu, kwa mnong'ono wake ule ambao hata waliokuwa wakianua nguo upande wa pili wa ploti waliusikia.

"Anajenga wapi?" Mabruka akauliza.

"Sasa hiyo ndiyo siri. Juzi nilimuuliza, wewe Zachariah, unaenda wapi na koti ya kanisa na leo ni Jumamosi? Akaniambia, 'Naenda kuchukua matofali.' Halafu akashtuka, akafunga mdomo kama mtu amemeza nzi. Mama Waridi, fikiria. Mtu wa kuendesha lifti, hana bibi, hana mtoto, hata pombe haonji. Mshahara inaenda wapi? Inaenda kwa ukuta! Siku moja tutaamka tusikie yeye ndiye landilodi."

Basi neno likatoka bombani likaingia kila mlango. Na Kangemi ya siku zile, aliyejenga alikuwa mtu. Asiyejenga alikuwa mpita njia, hata angekaa hapo mpaka mvi zimwote. Zachariah, aliyezoea kusalimiwa kwa bega, akaanza kuwekewa kigoda. Gichuru wa makaa akamsimamisha mbele za watu: "Landilodi, chumba cha mbele ni changu, usinisahau!" Zachariah hakukubali wala hakukana. Alicheka kicheko kisicho na meno, akatazama viatu vyake.

Mabruka naye alivitazama. Alisoma Mombasa mpaka darasa la nne tu, lakini macho hayaendi shule. Viatu vya Zachariah viling'aa kama sahani. Mjomba wake Mabruka alijenga nyumba Majengo, na miezi yote ile saruji haikumtoka kuchani, hata wali alikula nayo. Mikono ya Zachariah ilikuwa safi kama ya mtu aliyetoka kutawadha. Mabruka aliliona hilo, akalinyamazia. Ya watu huachiwa wenyewe, na yeye alikuwa mgeni pale; mumewe, Hemed, karani wa stoo moja ya River Road, alikuwa amepata chumba Kangemi kwa kuwa mjini kodi iliwashinda.

Alichokijua kuhusu jirani yake kilikuwa kidogo. Zachariah alivaa sare ya rangi ya damu ya mzee, yenye vifungo vya shaba, na kutwa alisimama ndani ya sanduku la lifti katika jengo refu la maofisi, akiuliza, "Ghorofa ya ngapi, bwana?" Wakubwa walimjibu wakitazama mlango. Mkewe, Nyokabi, alirudi kwao Limuru zamani, na hakuna aliyejua sababu. Jumapili alikaa benchi la nyuma kanisani, karibu na mlango, kama mtu anayengojea kuitwa nje.

Ramadhani ikaelekea ukingoni. Mabruka akamwacha bintiye Waridi kwa Wangeci, akavaa buibui lake, akapanda basi kwenda mjini kutafuta kitambaa cha Idi. Alikuwa akipita mbele ya duka moja la vitu vya watoto, midoli imepangwa dirishani na macho yake ya kioo, aliposikia mtu akiita:

"Baba Waridi! Ewe Baba Waridi!"

Hemed? Saa hizi si yuko stoo? Ana nini huku? Akageuka upesi.

Hakuwa Hemed. Mwuza duka mwenye kofia ya kushona alikuwa amesimama kizingitini, amenyoosha mkono, na anayekuja kwake alikuwa Zachariah, na sare yake na vifungo vyake.

"Wapita kama mwizi, hata salamu! Asalaam aleikum!"

"Aleikum salaam," Zachariah akasema, kama anayesoma kibao cha barabarani.

"Lile boksi la stesheni ya reli limefika, moja tu. Mhindi mwenye duka alitaka kulitia dirishani, nikamwambia la, hili la Waridi. Lakini hulipati wewe, ng'o! Idi pili umlete mwenyewe, uliniahidi. Mimi Mohdhar nataka kumpa mkono wa Idi kwa mkono wangu. Mtoto hajaingia shule, na ajenga maghorofa! Mashallah. Haya, na saumu yaendaje?"

"Yaenda vizuri," akasema Zachariah.

Hapo ndipo macho yake yalipokutana na ya Mabruka. Mkononi alikuwa na andazi lililoumwa, limefungwa kipande cha gazeti. Akalipeleka nyuma ya mgongo, polepole.

Mabruka aliuvuta ukaya wa buibui usoni akaenda zake mbio mbio, kana kwamba yeye ndiye aliyekutwa anakula mchana. Alipofika duka la vitambaa, mwenye duka alimuuliza anataka rangi gani, na hakukumbuka.

Jioni, muhogo wa nazi ukiwa jikoni kwa ajili ya futari, alisikia mtu akikohoa mlangoni.

"Hodi, Mama Waridi."

"Karibu."

Zachariah hakuingia. Alikuwa amevua sare, na bila vile vifungo alionekana mdogo. "Njoo uone," akasema. "Njoo na mtoto. Mlango nitauacha wazi, watu wasiseme."

Mabruka aliepua sufuria, akamshika Waridi mkono, wakavuka ua.

Kitanda kilikuwa kimesukumwa mpaka ukutani. Nafasi iliyobaki yote ilikuwa mbao, na juu ya mbao kulikuwa na mji. Nyumba nyeupe zenye mapaa mekundu, kanisa, daraja, petroli stesheni, na jengo moja refu lililomfika Waridi kidevuni. Yote yamejengwa kwa vitofali vya plastiki, vidogo kama vidonge vya sukari, vimeshikana bila tope wala gundi. Ndani ya lile jengo refu kiberiti kitupu kilining'inia kwa uzi. Zachariah akauvuta uzi, kiberiti kikapanda mpaka juu.

"Nyumba!" Waridi akapiga kelele. "Mama, nyumba!"

Chini ya kitanda maboksi yalikuwa yamepangwa, kila moja na picha yake, hakuna hata moja lililokunjika pembe.

"Sichanganyi," Zachariah akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na mwenyewe. "Kila seti na boksi lake. Ikichanganyika, tofali halijui tena kwao." Kisha akakumbuka alichomwitia, akainama. "Haya ndiyo matofali, Mama Waridi. Ile nyumba Gichuru anataka chumba cha mbele, ndiyo hii."

Kicheko kilimpanda Mabruka, akakizuia kwa pembe ya buibui. Akatafuta huzuni ya kumfunika nayo mtu mzima yule, kama unavyomtupia kanga aliye uchi. "Ulikuwa na mtoto, akafa?"

"Hapana. Ningekuwa na msiba ningeutanguliza, mkanihurumia. Hakuna aliyekufa. Napenda tu. Yakishikana yanalia ka! hivi, na moyo unatulia. Ingekuwa ni pombe mngenibeba mkanilaza, na asubuhi tungecheka wote. Hii utamwambia nani?" Akakibonyeza kitofali kimoja kilichokuwa kimekaa sawa tayari. "Nyokabi aliliona boksi la kwanza. Akaniambia, 'Umeninunulia matusi.' Alidhani namsema kwa sababu hatujapata mtoto. Nikaona haya kumwambia ni langu mimi. Nikanyamaza, akafunga mzigo."

"Mama Waridi!" Sauti ya Wangeci ikatokea uani. "Unaonyeshwa ramani? Niulizie kodi itakuwa ngapi!"

Zachariah aligeuka rangi ya majivu. Mabruka akasogea, buibui lake likajaza mlango. "Nakuja, Mama! Waridi amepoteza kiatu!" Wangeci akacheka, akaenda zake na ndoo yake. Mabruka alibaki amesimama pale na uongo wake wa saumu mdomoni, na jua halijazama bado.

"Na jina la mwanangu?" akauliza, taratibu.

"Mohdhar aliniuliza, haya matofali ni ya mtoto? Nikasema ya mtoto. Anaitwa nani? Asubuhi ile nilikuwa nimemwona huyu bombani, amelala mgongoni kwako. Nikasema Waridi. Akanikumbatia, Mama Waridi. Akasema, 'Kumbe ndugu yetu!' Hapo ndipo nilipaswa kusema mimi ni mtu wa kanisa. Lakini mjini hapa hakuna aliyewahi kunikumbatia. Huku kila mtu ananiita Zachariah, hata watoto wenu, Zachariah kavu. Pale ni Baba Waridi."

"Na mkono wa Idi wajua ni nini?"

Alikunja uso. "Nilidhani ni salamu. Nilidhani anataka kumshika mtoto mkono. Nikasema, hiyo si kitu, nitamleta. Leo ulipokwenda akaniingiza ndani, akanionyesha. Ni zawadi. Ameilipa kwa mshahara wake, si ya Mhindi."

Waridi alikuwa amechuchumaa mbele ya kanisa, akichungulia mlangoni kwa jicho moja. Mabruka alimtazama binti yake, kisha yule mtu mzima mwenye magoti juu ya sakafu, na hakujua aibu iliyokuwa ikimchoma mashavu ni ya nani.

"Mwambie kweli, Zachariah. Ni mwenzetu yule, na mwezi ni mtukufu. Atakusamehe."

"Nimejaribu. Nafika kwa mlango, yeye anaita lile jina, na ulimi unakuwa ubao." Akauachia uzi, kiberiti kikashuka chini. "Nitamwambia. Baada ya Idi nitamwambia, na sitapita tena mtaa ule. Lakini asijue siku hiyo, amekwisha kulifunga boksi kwa karatasi."

Mlangoni mwanga ulikuwa unapungua. Hemed angefika wakati wowote, na njaa yake, na swali lake la kwanza daima lilikuwa Waridi yuko wapi.

"Bombani useme utakavyo," Zachariah akasema, akitazama viatu vyake. "Hilo siwezi kukuzuia. Naomba moja tu. Niazime mtoto Idi pili, na wewe mwenyewe uje, usimame hata ng'ambo ya barabara. Na mfundishe aniite baba. Mle dukani tu, mara moja. Tukitoka, basi."